Stima Tunayo

Ukiteremka kutoka Embu mjini kuelekea Mbeere, pale joto linapoanza na miti kuwa ya miiba, utaukuta Mto Tana umefungwa mara tano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma iliwashwa kwanza, 1968. Kiambere ikafunga orodha, 1988. Kwa miaka mingi taa za Nairobi zimewaka kwa maji yanayopita mpakani mwetu, na sisi watoto wa Embu tulikaririshwa majina hayo matano shuleni kama sala ya asubuhi. Nayataja kwa sababu nataka kuongea kuhusu stima. Stima kidogo sana, ya kutosha ncha ya sindano, na umbali ambao mtu wa Majengo anatumwa kwenda kuitafuta.

Kuna matibabu ya saratani ya ngozi ambayo ukielezwa mara ya kwanza utadhani ni mzaha. Daktari anadunga ganzi kuzunguka kidonda. Anachukua kureti, kijiko kidogo chenye mdomo wa duara wenye makali, anakwangua. Saratani ndogo ya juu ya ngozi huwa laini, inabonyea kama kiazi kilichooza, na ngozi nzima iliyo chini yake ni ngumu. Mkono uliozoea unahisi tofauti hiyo na kujua pa kusimama. Kilichokwanguliwa kinawekwa kwenye chupa kiende maabara. Halafu anachukua kifaa chenye ncha kama sindano, waya wake umechomekwa ukutani, anaikausha sehemu ile kwa umeme pamoja na ukingo wake, milimita chache tu. Damu inakatika. Seli zilizojificha zinaungua. Anakwangua tena, anakausha tena, mara mbili, wakati mwingine tatu. Hakuna kushonwa, hakuna kulazwa. Unafungwa bendeji, unaenda zako nyumbani, na kidonda kinajifunga chenyewe kwa wiki tatu hadi sita. Kinaacha kovu bapa, jeupe. Kwa uvimbe mdogo uliochaguliwa vizuri, zaidi ya watu 9 kati ya 10 hawauoni tena pale ulipokuwa.

Wala si teknolojia ya juzi. Kukausha ngozi kwa umeme kulianza kabla ya nyanya zetu kuzaliwa. Mwaka 1926, huko Boston, daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing aliingia chumba cha upasuaji na mashine ya umeme iliyoundwa na William Bovie, na tangu siku hiyo ndugu za mashine ile hawajaondoka hospitalini duniani kote. Inasemekana Bovie aliuza haki zake kwa dola moja. Dola moja! Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tatizo letu ni teknolojia ya kisasa, muulize anaongelea karne gani.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na sikuwa nasomea udaktari hata huko. Ninaandika makala za watu kwa malipo, na nimeishi Majengo ya Embu karibu maisha yangu yote. Haya niliyajua kwa sababu ya shangazi yangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Anti. Anti ana ualbino, na anauza mitumba.

Fikiria kazi hiyo kwanza. Embu iko nusu nyuzi tu kusini mwa Ikweta. Meru mjini, ambako kuna Majengo nyingine ya mabati na vichochoro vilevile, iko karibu juu ya Ikweta yenyewe. Miji yote miwili iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua nguvu za kuchuja miale. Watu wa huku hujisifu kwamba kuna baridi ya mlima. Baridi haichuji chochote. Unaweza kuvaa sweta asubuhi na bado jua la saa sita likakupika. Sasa mweke hapo mtu ambaye ngozi yake ina melanini kidogo au haina kabisa, mpe turubai la kuanika nguo chini, mwambie akae hapo miaka 20. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Hao wote wako chini ya jua hilo, na wengi wao hawana kazi ya ofisini.

Doa la Anti lilianza mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Gamba gumu, dogo, la ukubwa wa punje ya mahindi. Alienda zahanati moja, akaandikiwa dawa ya ukungu ya kupaka. Baada ya miezi miwili akarudi, akapewa vidonge vya antibiotiki. Akaenda hospitali nyingine kubwa zaidi, akapewa dawa nyingine ya ukungu. Sitazitaja, kwa sababu nikizitaja mtazikasirikia hizo mbili na kuzisahau nyingine zote. Miezi minane ilipita. Hakuna hata mmoja kati ya wale watu wa koti jeupe aliyesema neno saratani, kwa mtu ambaye ukimwona tu mlangoni unapaswa kuliwaza. Hakuna aliyemwambia avue leso wamtazame shingo na masikio. Kidonda kilipoanza kutoa damu kila kikiguswa na nguo, ndipo aliambiwa aende Nairobi.

Nairobi ni kama kilomita 130. Tulienda mara tatu: ya kwanza akatazamwa na kukatwa kipande cha kupima, ya pili kuchukua majibu, ya tatu matibabu. Majibu yalisema ni kasinoma ya seli skwamasi, zile seli bapa za tabaka la juu la ngozi, na kwamba ilikuwa bado ndogo na haijachimba. Hiyo ndiyo aina inayowapata zaidi watu wenye ualbino Afrika. Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka sita. Alipowasha kile kifaa alisema, “Mama, sasa utasikia harufu ya kuungua. Usishtuke.” Anti akamjibu, “Daktari, mimi nimechoma mbuzi tangu hujazaliwa.” Kazi nzima, kuanzia ganzi hadi bendeji, ilichukua dakika 25. Najua kwa sababu niliangalia simu. Nauli zetu za safari tatu, kulala kwa watu, na siku ambazo kibanda kilifungwa, zilipita bei ya matibabu yenyewe. Tukiwa kwenye matatu ya kurudi, tulipofika Makutano aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike: “Sasa hiyo kitu ya kuchomeka kwa ukuta, huko kwetu hakuna ukuta?”

Nimetafuta jibu. Nimepewa majibu manne na watu tofauti, na yote yananiudhi.

La kwanza ni kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu. Hili hulisikii vijiweni tu. Utalisikia kwa wahudumu wa afya, na ndiyo sababu mtu anaweza kupewa dawa ya ukungu miezi minane. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi ina kinga yake dhidi ya jua. Lakini Bob Marley, ambaye picha yake imechorwa kwenye nusu ya matatu za nchi hii, alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanza chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Saratani ya ngozi pia huota kwenye makovu ya zamani ya moto na kwenye vidonda vya mguu visivyopona kwa miaka. Watu weusi kabisa, wasio na ualbino wowote, wanaipata. Na watu wenye ualbino si wazungu. Ni watu wa Majengo.

La pili ni losheni. Kila tarehe 13 Juni dunia huadhimisha siku ya kuhamasisha kuhusu ualbino, Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014. Huwa kuna hema, fulana, kofia pana, hotuba. Nisieleweke vibaya, losheni ya kukinga jua ni kitu kikubwa. Serikali ya Kenya imekuwa ikiinunua na kuigawa bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na huo ni ushindi uliopiganiwa na watu wenye ualbino wenyewe. Lakini losheni huzuia. Haiondoi kilichokwisha kuota. Anti alianza kupata losheni akiwa mtu mzima, baada ya kuchomwa na jua utoto wote akichunga mbuzi na ujana wote akiuza nguo. Ngozi yake ina kumbukumbu. Ukimpa chupa na kofia halafu usimwekee mtu wa kumkagua ngozi kila baada ya miezi michache, umemfungia mlango wakati mwizi yuko tayari chumbani. Losheni inapendeza kupigwa picha, hilo najua. Kijiko chenye makali na harufu ya nyama inayoungua havipendezi kwenye picha ya gavana.

La tatu ni kwamba SHA italipa. Hapa ndipo nakasirika vizuri. SHA ilianza kazi Oktoba 2024 na kifurushi cha saratani cha shilingi 400,000 kwa nyumba kwa mwaka, na ukikimaliza, mfuko wa magonjwa sugu ulikuwa unaongeza 150,000. Ukisikia hivyo unasema alhamdulillahi. Lakini mtazame mtu wa mitumba. Mchango wake wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na mfumo ulimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, 3,600, kabla hajatazamwa hospitali ya rufaa. Na hata akilipa, hizo pesa zimekaa zinangoja saratani iliyokua: dawa za dripu, mionzi, upasuaji wa kuhamisha ngozi ya paja kuziba shavu. Saratani ya ukubwa wa punje ya mahindi haijui ipite mlango gani. Inaletwa zahanati, inaandikiwa krimu, inarudi nyumbani, inakula, inanenepa, na siku ikifikia ukubwa wa kuheshimika, ndipo mfumo unaiona na kufungua pochi. Tumejenga bima inayosubiri ugonjwa uwe ghali.

La nne ndilo wanalopenda zaidi: hatuna madaktari wa ngozi. Ni kweli ni wachache na wengi wako Nairobi. Ila tangu 1992, hapo Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwenye hospitali ya KCMC. Kazi yake imekuwa kufundisha madaktari, na pia maafisa wa kliniki na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa sababu waliokianzisha walielewa mapema kwamba ukingoja kila wilaya ipate bingwa, watu watakufa wakiwa kwenye foleni. Madaktari wa kituo hicho huwafuata watu wenye ualbino vijijini, wanawakagua, wanawaondolea vidonda vikiwa vidogo. Hata losheni wanaitengeneza wenyewe palepale, inaitwa Kilisun. Hao ni Watanzania, majirani. Sisi wanasiasa wetu wakiugua wanajua njia ya India, lakini Namanga, njia ya Moshi, hawaioni.

Afisa wa kliniki wa Kenya anapasua jipu, anashona majeraha ya panga, anatahiri. Usiniambie hawezi kufunzwa kukwangua uvimbe mdogo mkononi na kuukausha. Mikono ipo. Kinachohitajika ni mtu aliyefundishwa, kureti, kifaa cha umeme, ganzi, chupa zenye dawa ya kuhifadhia kipande, na maabara inayorudisha majibu. Hizo pesa za vitu vyote, ukiacha mshahara, sidhani zinafika bei ya gari moja kati ya yale yanayopita Majengo vioo vimefungwa yakielekea makao makuu ya kaunti.

Najua kuna daktari wa ngozi anayesoma hapa na tayari ameinua kidole. Ana haki. Njia hii ina mipaka, na mtu akiificha anauza uongo. Haifai kwa melanoma hata kidogo, ile ya Marley haikwanguliwi. Haifai kwa saratani iliyorudi mahali ilipotibiwa, wala iliyozama hadi kwenye mafuta. Haifai sehemu zenye nywele nyingi, kwa sababu seli hujificha kwenye mashina ya nywele. Haifai puani, kwenye kope, midomoni na masikioni, ambako saratani hupenda kurudi na ambako kila milimita ya ngozi ina thamani. Huko panahitajika kukatwa vizuri na kupimwa kingo. Na kwa watu wenye ualbino, saratani nyingi huota kichwani na shingoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya vidonda vyao havitamalizwa na kijiko.

Sasa mbona bado nang'ang'ana? Kwa sababu hicho kijiko hakikai peke yake. Mahali palipo na mtu anayejua kukwangua, pana mtu anayejua kutazama. Yule anayeshika kureti kila Jumanne ndiye atakayeona gamba kwenye sikio likiwa bado ni gamba, aligandishe kwa naitrojeni ya kimiminika kabla halijawa saratani, au amwandikie mgonjwa rufaa ya upasuaji mwezi huohuo. Ndiye atakayesema “hii siigusi, nenda Nairobi kesho.” Kijua mipaka ya kijiko lazima kwanza uwe nacho. Hospitali isiyo na hata hicho haijui mipaka yoyote, inajua krimu tu.

Na pengo hilo halikai tupu, linajazwa. Anti akiwa bado anasubiri majibu ya Nairobi, mtu mmoja mtaani alimletea unga wa kubandika, akasema unakula uvimbe wowote, unang'oa mpaka mzizi. Unga wa aina hiyo huchoma kweli. Unachoma juu, unaacha gamba jeusi, gamba likidondoka ngozi inafunga na mtu anashukuru Mungu, huku saratani inaendelea na safari yake chini ya kovu. Hakuna kipande kilichoenda maabara. Hakuna anayejua kilikuwa nini. Watu wangu, ukitoka kwenye makala hii na kitu kimoja, basi ni hiki: mtu yeyote akikukata au kukuchoma kitu mwilini, awe mganga au kliniki yenye bango la taa, muulize kipande kinaenda wapi. Akisema pipani, shuka kitandani.

Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa uliofika hadi Moyale, mpaka wa Ethiopia. Watu walisafiri siku mbili kuja hapa kutafuta sahihi, mshahara, matibabu. Ugatuzi ulipokuja 2013 tuliambiwa huduma sasa zitashuka hadi kwetu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, tayari ilikuwa imemwahidi kila mtu kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kinachoweza kufikiwa. Mimi nachukulia maneno hayo jinsi yalivyo. Kuna upasuaji wa ngozi wa hali ya juu Marekani ambapo daktari anakata tabaka moja, analitazama kwa hadubini mgonjwa akiwa bado anasubiri, anakata lingine. Sidai huo Majengo, leo. Nadai cha 1926.

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wasikizwe. Mikutano hiyo huwa na wazee wanaotaka mitaro, vijana walioletwa na mtu, na soda. Vijana wa mtaani wengi hatuendi, tunasema ni ya kupoteza wakati, halafu jioni tunapost hasira. Mwaka huu naenda. Nimeandika karatasi moja ya kukabidhi: nafasi mbili za maafisa wa kliniki kufunzwa magonjwa ya ngozi, siku moja kwa wiki ya kukagua ngozi bila rufaa, kifaa cha kukausha kwa umeme, kureti za saizi mbili, malipo ya maabara yaingie kwenye bajeti na si mfukoni kwa mgonjwa. Rafiki yangu wa Majengo ya Meru amechukua nakala, anabadilisha jina la kaunti tu.

Anti amesema atakuja kuongea mwenyewe, akipata mtu wa kumwangalizia kibanda. Ana sharti moja: mkutano usiwekwe uwanjani saa sita mchana kama ule wa mwaka jana.